Kupima na Kubadili Boli Jointi

Gari la porini likigonga mbele kwenye mashimo, usilaumu barabara tu. Huenda boli jointi, kiungo cha tufe kishikacho gurudumu, imelika. Ikichomoka, gurudumu hulala.

Fundi alinifunza hivi: weka jeki chini ya mkono wa chuma ubebao springi, inua, tikisa gurudumu juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukikoma, kosa ni la beringi; ukibaki, ni la boli jointi.

Kubadili, egemeza chesisi juu ya stendi, jeki ibaki palepale. Chomoa pini, legeza nati bila kuitoa, gonga ubavu wa tundu mpaka kiungo kiachie, kwani springi ikifyatuka huua. Funga mpya kwa pini mpya, kisha magurudumu yapimwe unyofu.