Kwa Nini Gari Lililowaka Ngamiani Hugoma Lushoto?

Tuchukue mfano wa kombi ya zamani yenye kabureta, ambayo hulala Ngamiani, mjini Tanga. Kila alfajiri dereva huzungusha ufunguo mara moja tu, na injini huwaka. Mwezi wa Julai kombi hiyo yakodiwa kwenda Lushoto kwa njia ya Segera, Korogwe na Mombo. Yafika salama na kulala huko. Asubuhi, ukungu ukiwa umetanda milimani, dereva azungusha ufunguo mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Injini haiwaki, na betri yaishiwa nguvu. Iwapo miongoni mwa abiria yumo mgonjwa anayetarajiwa hospitalini Tanga, jambo hili si usumbufu tu, bali ni hatari.

Watu husema kwamba gari “limeingiwa na baridi”. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini hauelezi chanzo. Katika makala haya tutaonyesha kwamba mara nyingi ubovu wenyewe ulianzia Ngamiani. Joto la pwani liliuficha. Baridi ya mlimani imeufichua.

Kazi ya kabureta

Petroli ya majimaji haiungui vema ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini yenye joto huhitaji takriban kilo 15 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli, na kazi ya kabureta ni kutengeneza mchanganyiko huo. Hewa inayofyonzwa na pistoni hupita kwenye koo jembamba. Hapo mwendo wake huongezeka na kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, hupungua. Kwa hiyo petroli hutoka katika tundu dogo na kutawanyika kama manyunyu. Koo la namna hiyo huitwa kwa jina la Venturi, mwanasayansi wa Italia (1746–1822). Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza, ambayo ndiyo asili ya zile zilizotumika baadaye katika magari.

Baridi hufanya nini?

Usiku wa Julai joto la Tanga hukaa karibu na nyuzi 20 za Sentigredi. Lushoto, ambako ni kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Tofauti hiyo yatosha kuleta mambo matatu.

Kwanza, petroli hugeuka mvuke kwa shida. Sehemu kubwa hubaki matone yanayoganda kwenye kuta za bomba la kuingizia hewa, na mchanganyiko unaofika penye plagi huwa mwepesi mno, hauwaki. Pili, oili ya injini huwa nzito, hivyo stata huzungusha injini kwa taabu. Tatu, nguvu ya betri hupungua, kwani mabadiliko ya kikemia ndani yake huenda polepole zaidi. Betri dhaifu hudhuru mara mbili: stata huzunguka polepole, na wakati huo huo umeme unaobaki kwa ajili ya koili huwa mdogo, hivyo cheche nayo hufifia.

Choki iliyosahauliwa

Watengenezaji waliweka dawa ya tatizo la kwanza: choki. Hiki ni kibao kinachoziba mlango wa hewa wa kabureta. Kikifungwa, hewa hupungua na mfyonzo huongezeka, kwa hiyo petroli nyingi zaidi hutoka. Hata kama ni sehemu yake tu itakayogeuka mvuke, itatosha kuwasha.

Sasa turudi Ngamiani. Katika joto la pwani injini nyingi huwaka bila choki. Hewa yenye chumvi ya bahari hushikisha waya wake kutu. Siku unapokwama, hukatwa, na kibao hufungwa kwa kipande cha waya kibaki wazi daima. Gari laendelea kuwaka kama kawaida, na kosa husahauliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: deni la choki iliyokatwa Ngamiani hulipwa Lushoto.

Lakini kuna jambo jingine la kukumbuka. Kwa mita 1,400 kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Injini ikishapata joto, kabureta iliyorekebishwa Tanga hutoa petroli nyingi kuliko hewa hiyo nyepesi inavyohitaji. Kwa hiyo gari lile lile hukosa petroli alfajiri, na saa moja baadaye huzidiwa nayo na kutoa moshi mweusi. Choki isiyofunguliwa mapema huzidisha hali hiyo.

Utaratibu wa kuchunguza

Kanuni ya fundi mwema ni ile ile ya mwanasayansi: chunguza jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha plagi, betri na kabureta pamoja, gari litawaka bila wewe kujua lilikuwa na nini.

1. Sikiliza stata. Ikizunguka polepole, washa taa kubwa kisha ujaribu tena. Taa zikififia sana, tazama betri na viungo vya nyaya zake. Safisha kutu na kuvikaza kabla ya kununua betri mpya.

2. Futa unyevu. Umande wa mlimani hutanda juu ya nyaya za plagi na kifuniko cha distributa, na umeme huvuja. Kitambaa kikavu chaweza kumaliza kazi yote.

3. Fungua plagi moja. Ikiwa kavu kabisa baada ya kujaribu mara nyingi, petroli haifiki: chunguza choki, pampu na chujio. Ikiwa imelowa, petroli inafika. Ama cheche ni dhaifu, ama injini imezidiwa na petroli. Kausha plagi, fungua choki, usubiri dakika chache, kisha ujaribu tena ukiwa umekanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho bila kuipigapiga.

4. Pima mianya ya plagi na ya platini kwa vipimo vya kitabu cha gari. Mwanya uliopanuka huvumilika pwani, lakini huizuia cheche siku betri inapochoka.

Usizungushe stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe, ili betri ijikusanye.

Tahadhari

Usimwage petroli kwenye koo la kabureta ili “kuisaidia” injini: mlipuko mmoja wa kurudi nyuma waweza kuunguza gari na mtu. Usiache injini ipate joto ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kuchukua oksijeni na huua. Wala usiliachie gari lishuke mteremko wa kuelekea Soni kwa matumaini kwamba litawaka njiani. Katika magari mengi breki husaidiwa na injini, na injini ikiwa imezimika breki huwa nzito mno.

Jaribio la darasani

Chukua vipimajoto viwili. Funga pamba kavu kwenye tungi la kimoja, na pamba iliyolowa spiriti kwenye tungi la cha pili. Pasiwe na moto karibu. Vipepee vyote kwa daftari kwa dakika tatu, kisha usome. Cha pili kitashuka, kwa sababu kiowevu kinapogeuka mvuke huchukua joto fiche kutoka vitu vilivyo karibu nacho. Ndivyo kabureta inavyojipoza yenyewe injini inapofanya kazi.

Maswali

1. Kwa nini choki ifunguliwe kadiri injini inavyopata joto?
2. Katika hewa yenye ukungu ya nyuzi 8, barafu yaweza kufanyika ndani ya kabureta. Eleza kwa kutumia matokeo ya jaribio.
3. Kagua gari moja lenye kabureta mtaani kwako. Je, choki yake ingali inafanya kazi? Ikiwa haifanyi kazi, mweleze mwenye gari kabla hajapanda mlima.