Pilipili, mikono na udhu

Mama wengi hapa Bugarama hupika kwa pilipili kichaa, kisha hutia udhu na macho yakawaka.

Ukali wake ni kapsaisini, iliyo nyingi katika utando mweupe unaoshika mbegu. Pasua pilipili, kwangua utando huo kwa kijiko. Mchuzi ukizidi ukali, ongeza nyanya na karanga zilizosagwa.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Basi paka mikono mafuta ya kula, kisha ioshe kwa sabuni kabla ya kutia udhu, kustanji au kumnawisha mtoto.

Ikiingia jichoni, usifikiche. Suuza kwa maji safi mengi dakika 15. Maumivu yakiendelea, wahi zahanati.