Mnyambuliko Mmoja, Saa 485: Kiswahili katika Devi ya Msaada kwa Watu Wenye Ulemavu nchini Australia

Katika makala haya ninachunguza kazi ambayo mtu angedhani ni ya wahasibu peke yao, yaani kuandaa devi ya msaada kwa watu wenye ulemavu wanaoishi katika nyumba za pamoja nchini Australia. Ninachodai ni kwamba familia inapozungumza Kiswahili, hesabu ya devi hiyo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kitenzi, na hasa na minyambuliko ya kitenzi ambayo sisi tunaifundishwa kuanzia mwaka wa kwanza bila kuambiwa kwamba inaweza kuwa na bei.

Nimechagua Australia kwa sababu mbili. Ya kwanza, nchi hiyo imepanga msaada huu kwa saa na kwa zamu, hivyo kila neno la maelezo linaweza kufuatwa mpaka kwenye tarakimu. Ya pili, Wakongo wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki wamepewa makazi huko, na miongoni mwao zimo familia zenye kijana au mzee mwenye ulemavu. Familia hizo huhojiwa kupitia mkalimani, na mkalimani huyo mara nyingi hakukulia Kongo.

Utaratibu wenyewe

Mpango wa Kitaifa wa Bima ya Ulemavu ulianza kwa majaribio Julai 2013, baada ya sheria yake kupitishwa mwaka huohuo. Wakala wa serikali hugharamia msaada unaostahili na ulio wa lazima. Maneno hayo mawili ndiyo kipimo cha kifungu cha 34 cha sheria. Mtu anayehitaji kusaidiwa karibu siku nzima nyumbani kwake huombewa huduma ambayo nitaiita kuishi kwa kujitegemea kwa usaidizi. Zamani mtoa huduma alituma devi kamili yenye bei zake. Kuanzia mwaka 2020 bei ya saa ina kikomo kilichotangazwa, na kinachopelekwa ni jedwali la zamu: nani yuko nyumbani, saa gani, akisaidiwa na wafanyakazi wangapi, na anafanya nini. Devi imebadilika umbo, lakini hoja iliyo ndani yake ni ileile.

Wiki ina saa 168. Mwandaaji huondoa kwanza saa ambazo mhusika hayupo nyumbani, kwa mfano akiwa kazini au kwenye shughuli za mchana. Saa zinazobaki huzigawa kwa uwiano. Mmoja kwa mmoja maana yake mfanyakazi yuko na mtu huyo peke yake. Mmoja kwa watatu, wakaaji watatu wanagawana mfanyakazi mmoja na kila mmoja wao anahesabiwa theluthi ya bei. Yupo pia mtu anayehitaji wafanyakazi wawili kwa wakati mmoja, kwa mfano anapohamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Bei ya siku za kazi si sawa na ya Jumamosi, wala ya Jumamosi si ya Jumapili au ya sikukuu. Kila mstari wa jedwali lazima uungwe mkono na ushahidi, na ushahidi mkubwa ni ripoti ya mtaalamu aliyemhoji mhusika na familia yake kuhusu anachoweza na asichoweza kufanya. Hapo ndipo lugha yetu inapoingia.

Majina yanayopotosha

Neno la Kiingereza quote likitiwa katika programu ya kutafsiri hutoka mara nyingi kama nukuu. Msomaji wa Kiswahili atatafuta ni maneno ya nani yaliyonukuliwa. Kwetu Lubumbashi fundi akiulizwa kazi itagharimu kiasi gani huandika devi, na hakuna anayekwama; Dar es Salaam wataomba proforma au makadirio ya gharama. Sioni aibu kutumia devi katika makala ya kitaaluma. Limeshaingia sokoni, na maana yake ni hii hasa: hesabu inayotangulia kazi na inayosubiri kukubaliwa.

Malazi ni tatizo kubwa zaidi. Ukiandika “huduma za malazi yenye usaidizi”, familia itaelewa nyumba, kitanda na labda chakula. Lakini devi tunayoizungumzia haina kodi ya nyumba, haina chakula, haina umeme. Hivyo mkaaji huvilipa mwenyewe. Hata nyumba iliyojengwa maalumu kwa watu wenye ulemavu mkubwa ina fungu lake tofauti la fedha. Kinachohesabiwa hapa ni mikono na macho ya watu. Ndiyo maana ninapendelea kusema “usaidizi nyumbani” pale ambapo jina refu halilazimiki.

Kuhusu jina la mhusika mwenyewe, tumezoea kusoma kwamba kilema, kipofu na kiziwi ni maneno ya dharau kwa kuwa yamo katika ngeli ya KI-VI, pamoja na vitu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kiongozi na kijana wamo humohumo, na vyote hivyo huchukua upatanisho wa viumbe: kipofu anakuja, vipofu wanakuja. Sababu bora ya kuchagua “mtu mwenye ulemavu”, kama sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ilivyofanya, ni kwamba muundo huo unaacha nafasi ya kuuliza: ulemavu gani, unazuia nini? Kilema limeshajibu kabla ya swali, na devi inaishi kwa maswali.

Kitenzi kinavyobeba saa

Miongozo ya kazi hii hutofautisha viwango vya msaada: mtu anakumbushwa, anaangaliwa, anasaidiwa kwa sehemu, au anafanyiwa kila kitu. Kiswahili kina njia ya kutofautisha viwango hivyo kwa ufupi unaopendeza. Anaoga. Anakumbushwa kuoga. Anasaidiwa kuoga. Anaogeshwa. Hatua ya mwisho inajengwa na viambishi viwili tu, cha kutendesha na cha kutendwa, vilivyobanwa kati ya mzizi na irabu ya mwisho. Vivyo hivyo anakula na analishwa, anavaa na anavishwa, anakunywa na anányweshwa. Sikio lililochoka, tena kwenye simu yenye mwangwi, linaweza kusikia anaoga pale palipokuwa anaogeshwa.

Tufanye hesabu ya mfano wa kubuni. Kijana mmoja anaishi na wenzake wawili. Jumatatu hadi Ijumaa anatoka kwa saa sita kila siku: saa 30. Usiku ni saa nane mara saba: 56. Zinabaki saa 82 za kuwa macho nyumbani. Mama yake amesema “anaogeshwa asubuhi na jioni”, na kazi hiyo pamoja na kumvisha inachukua saa nzima kila mara, mfanyakazi akiwa naye peke yake huku mwenzake akibaki na wale wawili. Hizo ni saa 14 za mmoja kwa mmoja kwa wiki, na 68 za mmoja kwa watatu. Sasa mkalimani atamke neno linalomaanisha kwamba kijana anakumbushwa tu. Zile saa 14 zinarudi katika uwiano wa mmoja kwa watatu, na kwa upande wake zinakuwa na thamani ya saa 4 na dakika 40. Amepungukiwa saa 9 na dakika 20 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni saa 485 na dakika 20.

Kosa la upande wa pili halina nafuu. Kijana anayeweza kuvaa shati mwenyewe akipewa dakika za kutosha, ikiandikwa kwamba anavishwa, atavishwa kweli, kwa kuwa mfanyakazi mgeni hufuata karatasi. Baada ya mwaka mikono yake itakuwa imesahau vifungo. Kwa hiyo simshauri mkalimani aongeze chumvi kwa huruma.

Lakini hatari ninayoiona kubwa kuliko zote ni usemi mmoja wa kawaida kabisa: anakula mwenyewe. Mzazi wa kwetu hupenda kuusema, na ana haki. Ni namna ya kumstahi mwanawe mbele ya mgeni. Kisarufi mwenyewe inataja tu mkono unaopeleka kijiko mdomoni. Haisemi kwamba bukari imelainishwa kwanza, wala kwamba samaki ametolewa miiba, wala kwamba mtu amekaa kando muda wote kwa sababu kijana hupaliwa. Yote matatu ni msaada, na la tatu ni saa. Tafsiri sahihi ya sentensi itatoa ripoti ya uongo. Hapa sarafu haiko kwenye kiambishi tena, iko kwenye adabu, na isimu-jamii ina kazi ya kufanya kuliko mofolojia. Swali linalofungua mlango si “anaweza kula?” bali “akiwa anakula, wewe unafanya nini?” Mama akiulizwa kuhusu kazi yake mwenyewe hataona kwamba anamwaibisha mtoto.

Neno jingine la kuliangalia ni kulazwa. “Analazwa na watu wawili” ni mstari mzito wa devi. “Alilazwa wiki mbili” ni hospitali. Muktadha hutenganisha, ila mkalimani mwenye haraka asiuruke.

Usiku

Jedwali linajua usiku wa aina mbili, na Kiswahili kina maneno tayari. Kuna zamu ya kulala, ambapo mfanyakazi hulala humo nyumbani na kuamshwa inapobidi. Bei yake ya saa nane imeshajumlisha hadi muda wa saa mbili za kuwa macho. Na kuna zamu ya kukesha. Zinatofautiana sana kwa gharama, na kinachoamua ni mara ngapi mtu huamka na kwa muda gani. (Nimeandika “muda wa saa mbili” kwa makusudi. “Saa mbili” peke yake inaweza kuwa saa ya ukutani, na “saa nne usiku” ikinakiliwa kama 4:00 badala ya 22:00, zamu nzima imehama.)

Mzazi ataulizwa kuhusu usiku, naye atajibu kwa hali ya mazoea. Mtu wa pwani atasema huamka, au huamkaamka, na uradidi huo unaeleza kukatikakatika kwa usingizi bila kutoa idadi. Mzazi wa Lubumbashi atasema “usiku anaamukaka”. Kwa asiyejua Kiswahili chetu, -ka ile ya mwisho inasikika kama ulimi kuteleza, na anaweza kutafsiri kana kwamba mtoto aliamka usiku mmoja tu. Kumbe ndiyo alama yetu ya mazoea, yenye uzito uleule wa hu-: anaamka kila mara, ndiyo hali yake. Kati ya tafsiri hizo mbili kuna zamu ya kulala na zamu ya kukesha.

Hata ikisikika vizuri, alama ya mazoea haijazi kisanduku cha jedwali. Mhojaji inabidi atoke kwenye mazoea na kuingia kwenye wakati uliopita, usiku kwa usiku: jana aliamka mara ngapi, nani aliamka naye, alimfanyia nini, mlirudi kulala baada ya muda gani; na juzi je? Familia ikiandika majibu hayo kwa wiki mbili kwenye daftari la shule, kwa Kiswahili chao chenye -aka zote, mwandaaji wa devi atakuwa na ushahidi wa usiku 14.