Maji ya Ziwa, Tope la Mlima

Babati imekaa kando ya ziwa lake. Kusini-magharibi, mwendo wa kilomita kama 75 kwa barabara ya Singida, iko Katesh, chini ya Mlima Hanang.

Nini kilitokea Katesh Desemba 3, 2023?

Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, saa ambayo wengi huwa bado wamelala. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo wa mita 3,420 ilimeguka. Miamba laini ilikuwa imeshiba maji. Tope likateremka likizoa mawe na magogo, likavamia Katesh na vijiji jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Watu 89 walifariki.

Watu hawakuonywa?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshatangaza vuli yenye El Niño. Ila utabiri wa msimu hautaji korongo wala usiku. Mwananchi anayesema hakuambiwa na ofisa anayesema alitangaza, wote wawili wanasema kweli.

Na Ziwa Babati?

Hilo lina kina kifupi. Likijaa hufurika kuelekea mjini, kama mwaka 1990. Afadhali lenyewe hupanda taratibu: mtu anapata nafasi ya kuhamisha godoro, mbuzi na magunia ya mahindi.

Miti inasaidia?

Kwa udongo unaoteremka ziwani, sana. Msitu wa Duru-Haitemba, karibu na Babati, ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuufanya msitu ule hifadhi yake, na baadhi ya watu wakaanza kufyeka kwa pupa kabla haujafungwa. Vijiji vilipoachiwa kuusimamia vyenyewe, vilitunga sheria ndogo, vikaweka walinzi wao, na msitu ukarudi kushona. Lakini miti isibebeshwe kila kitu: Hanang ni hifadhi ya misitu, na bado ulimeguka.

Anayeishi mdomoni mwa korongo afanyeje?

Kuhama ndiko kunakomwokoa hasa; kwa waathirika wa Hanang, Serikali ilijenga nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret. Ambaye hajahama aitafute kamati ya maafa ya kijiji chake, inayotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, aulize nani atapiga filimbi usiku na watu wakimbilie wapi. Akisikia mngurumo mlimani, au akiona mto umepungua ghafla huku mvua ingali inanyesha, asikimbie kufuata bonde. Apande kando, na asirudi kuchukua kitu.