Maji, Chumvi na Sukari: Kemia Iokoayo Uhai

Molekuli ya maji ina atomi moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi. Hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Sifa hiyo ndiyo iyawezeshayo maji kuyeyusha chumvi na sukari.

Utando wa seli, kinyume chake, umejengwa kwa mafuta, nao huzuia ioni na glukosi zisipite ila kwa mlango wa protini. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba, katika utumbo mwembamba, glukosi na ioni za sodiamu huingia pamoja. Zinapoingia, maji huzifuata kwa osmosisi.

Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji na chumvi kwa wingi, lakini mlango huo huendelea kufanya kazi. Ndiyo sababu maji matupu hayamtoshi. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2002 una, katika lita 1 ya maji safi, glukosi gramu 13.5, chumvi ya mezani gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Sukari ikizidi mno, maji hutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara huongezeka.

Zoezi: Moli 1 ya glukosi ni gramu 180. Kokotoa moli za glukosi katika lita hiyo. Sodiamu yote ni moli 0.075, linganisha, kisha eleza sababu.