Kushiriki au Kushirikishwa? Nafasi ya Mkazi katika Mipango ya Kuhuisha Mji wa Kale wa Lamu

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huchukulia kwamba mgeni aingiapo mjini huja na jambo la heri, na kwamba mwenyeji yupo, tena yu kwake, tayari kunufaika. Katika taaluma ya mipango ya miji, mgeni huyo ni mtaalamu aliyebeba ramani. Mwenyeji ni mkazi ambaye nyumba yake imechorwa ndani ya ramani hiyo. Swali linalozuka ni je, mwenyeji hupona?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangazia Mji wa Kale wa Lamu, kitovu cha mji mdogo ambao mipango ya kuuhifadhi na kuuhuisha imeandikwa kwa miongo kadhaa. Huenda msomaji akauliza ni kwa nini suala la mipango lijadiliwe na wanafunzi wa Kiswahili badala ya wasanifu majengo. Jibu ni kwamba mpango, kabla ya kuwa ukuta au barabara, huwa ni maandishi. Huwa na vitenzi, na vitenzi vina watendaji na watendwa. Hoja inayotetewa hapa ni kuwa nafasi halisi ya mkazi katika mpango hubainika kwa kutazama kitenzi alichopewa.

Usuli wa Mji na Mipango Yake

Mji wa Kale wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO miongoni mwa maeneo ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 1986, ulikuwa umetangazwa kisheria kuwa eneo la kuhifadhiwa. Mwaka uo huo, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha mpango wa uhifadhi ulioandaliwa na Francesco Siravo na Ann Pulver, na mwaka 1991 ikaundwa tume ya kusimamia mipango ya eneo hilo. Hapana shaka kwamba juhudi hizi zilisaidia kuinusuru sura ya mji: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, milango ya kuchongwa na vichochoro vyembamba vinavyopitwa na watu na punda.

Mfano mmoja wa kuhuisha unaostahili kutajwa ni Ngome ya Lamu. Jengo hilo, lililojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, lilitumiwa kuwa gereza tangu mwaka 1910 hadi 1984. Baadaye liliwekwa chini ya Makavazi na kugeuzwa kuwa mahali pa maonyesho, maktaba na shughuli za kijamii. Thamani ya badiliko hilo haimo katika kuta zilizotengenezwa tu. Imo katika ukweli kwamba jengo lililosimama katikati ya mji likiwa limefungwa, sasa lina sababu ya kumfanya mkazi aingie.

Hata hivyo, mpango ule wa 1986 uliandikwa kwa Kiingereza. Mwashi aliyetarajiwa kuutekeleza, na mwenye nyumba aliyetarajiwa kuutii, walihitaji mtu wa kati ili wajue umesema nini juu ya nyumba zao.

Msamiati wa Kuhuisha

Inafaa kuanza na jina la kazi yenyewe. Mara nyingi husikika kwamba mji fulani unafaa kufufuliwa. Neno kufufua hudokeza kwamba kuna kilichokufa. Je, ni nani aliyeuona mji umekufa? Langoni, kwenye Msikiti wa Riyadha, watu hukusanyika kila mwaka kwa Maulidi. Sokoni karibu na Ngome, samaki na mboga huuzwa kila asubuhi. Mahali hapo pana uhai. Kinachokosekana huenda ni maji taka kupitishwa vizuri, bei nafuu ya kutengeneza dari, au kazi kwa vijana. Mpangaji anayeanza kwa kusema mji umekufa hujipa ruhusa ya kutowauliza walio hai.

Neno kukarabati nalo hulenga zaidi jengo. Nyumba inaweza kukarabatiwa vizuri kabisa huku waliokuwa wakiishi ndani wamekwisha kuhama. Jambo hili si la kubuni: baadhi ya nyumba za mawe mjini Lamu na katika kijiji jirani cha Shela zimenunuliwa na wageni na kugeuzwa kuwa makao ya mapumziko. Kuta zimepona, lakini mwenyeji hayumo tena. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendelea kuhuisha, kwa maana ya kuzidisha uhai uliopo, wa watu na wa majengo kwa pamoja.

Sarufi ya Ushiriki

Katika Kiswahili, mzizi mmoja hutupatia kauli nne zinazotofautiana sana kimamlaka. Tuchukue kitenzi shiriki na tuone mnyambuliko wake:

(a) Wakazi walishiriki. Hapa mkazi ni mtenda. Ameingia katika shughuli kwa hiari yake.

(b) Afisa aliwashirikisha wakazi. Hapa mtenda ni afisa. Ndiye aliyechagua siku, mahali na ajenda.

(c) Wakazi walishirikishwa. Hapa mtenda ametoweka kabisa katika sentensi. Hatujui ni nani aliyewashirikisha, lini, wala kwa lugha gani.

(d) Wakazi na maafisa walishirikiana. Hapa pande zote mbili hutenda na kutendwa kwa usawa.

Ni jambo la kuzingatia kwamba kauli iliyozoeleka sana katika taarifa na ripoti ni ile ya tatu, pamoja na nomino yake ushirikishwaji. Kauli hiyo huonyesha jambo kuwa limetimia bila kumtaja wa kuulizwa. Msomaji anayekutana na sentensi ya aina hiyo anafaa kuuliza maswali mawili: nani alimshirikisha nani, na ni nini kilichobadilika baada ya hapo?

Tofauti hizi zinaoana na nadharia inayojulikana vyema katika taaluma ya mipango. Mwaka 1969, Sherry Arnstein wa Marekani alichapisha makala aliyoufananisha ushiriki wa raia na ngazi yenye vidato vinane. Vidato vya chini ni vya kumchezea raia na kumtuliza. Vya kati ni vya kumwarifu na kumwuliza maoni. Vya juu ni vya kushirikiana naye na hatimaye kumwachia mamlaka ya kuamua. Funzo lake kuu ni kwamba kumwuliza mtu maoni bila kumhakikishia kuwa maoni hayo yatazingatiwa hakumpi uwezo wowote. Kiswahili huweza kuivuta ngazi hiyo kwa vitenzi vyake: kuarifiwa, kuulizwa, kushirikishwa, kushirikiana, kuamua.

Nchini Kenya, sheria imekwisha kupanda vidato hivyo kwa maneno. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 184 kinataka sheria ya miji iweke utaratibu wa wakazi kushiriki katika uongozi wa maeneo yao, na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ikatungwa kwa msingi huo. Aidha, Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa hivyo, mkazi anayedai kuuona mpango wa mtaa wake kwa Kiswahili haombi hisani.

Baraza na Wasiofika Barazani

Waswahili walikuwa na mahali pa kujadili mambo ya mji kabla ya sheria hizo. Neno baraza kwanza ni kiti cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa nyumba, mbele ya mlango, anapoketi mwenye nyumba na wageni wake. Kutoka hapo maana yake ilipanuka ikawa mkutano wa hadhara, hadi kufikia Baraza la Mawaziri. Historia ya neno hilo yatuonyesha kuwa mjadala wa mji ulikuwa na makao yake kizingitini, kati ya faragha ya nyumba na njia ya watu wote.

Hata hivyo, si vyema kulitukuza baraza kupita kiasi. Kiti hicho kimekuwa hasa cha wanaume. Mwanamke wa Lamu, kwa desturi, alitumia muda wake mwingi ndani, kuanzia kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, hadi misana na vyumba vya ndani. Yeye ndiye ajuaye ni dari ipi inayovuja na maji machafu huelekea wapi, ilhali mkutano unaofanyika barazani au uwanjani Mkunguni huenda usimsikie. Vivyo hivyo kwa mpangaji wa chumba ambaye hana hati ya nyumba, baharia aliye safarini, na kijana anayeswaga punda. Mitaa nayo haifanani: Mkomani, upande wa kaskazini, una nyumba nyingi za kale za mawe, na Langoni, upande wa kusini, una historia yake tofauti ya ujenzi na makazi. Mpango unaosema wakazi kana kwamba ni mtu mmoja huishia kumsikiliza mwenye sauti kubwa.

Isitoshe, wakazi wenyewe hupingana. Mwenye nyumba hutamani kuongeza ghorofa au kutumia saruji kwa kuwa boriti ni ghali, mhifadhi hukataa. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa nchini Februari 2018 iliwagusa pia wakataji wa mikoko wa Lamu. Kumwagiza mtu atumie boriti huku boriti zenyewe zikizuiwa ni kumwachia mzigo asioweza kuubeba. Kushirikiana hakumaanishi kila ombi likubaliwe. Kunamaanisha kila ombi lijibiwe, na kila katazo litolewe pamoja na sababu na njia mbadala.

Wakati wa Kuuliza

Suala la mwisho ni la wakati. Kuhusu hili, Lamu ina funzo linalotokana na mradi mwingine, ule wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa katika kaunti hiyo, nje ya Mji wa Kale. Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifutilia mbali leseni ya mradi huo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba umma haukuwa umeshirikishwa ipasavyo, kwani mikutano ya awali ya kuutambulisha mradi haingeweza kuchukuliwa kuwa ushiriki wakati ambapo ripoti ya uchunguzi wa athari haikuwa mikononi mwa watu. Kwa maneno mengine, mtu hawezi kutoa maoni juu ya waraka ambao hajauona.

Kanuni hiyo yafaa pia mpango wa kuhuisha mji. Mkazi aulizwe mara tatu: kabla ya ramani kuchorwa, ili aseme shida ni ipi, ramani ikiwa rasimu, kwa Kiswahili anachokielewa, ili aseme imekosea wapi, na baada ya uamuzi, ili aelezwe maoni yake yalipokewa au yalikataliwa kwa nini. Wanaoendesha mazungumzo wafahamu pia Kiamu. Mzee anayeuita mji mui na njia kuu Usita wa Mui ana ramani yake kichwani, na majina yake ndiyo mwanzo wa ramani hiyo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuhuisha kitovu cha mji mdogo ni suala la lugha sawa na lilivyo suala la mawe na chokaa. Mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi hapa: kutafsiri mipango, kukusanya majina na istilahi za ujenzi kwa waashi wa jadi, na kuzisoma ripoti kwa jicho la sarufi. Nyumba za Lamu zilijengwa na watu waliokuwa na neno kwa kila sehemu yake. Iwapo mipango ya kuzihifadhi itaandikwa kwa maneno ambayo wenye nyumba hawayajui, mgeni atakuwa amekuja, na mwenyeji hatakuwa amepona.

Maswali ya Mjadala

1. Chagua taarifa yoyote rasmi kuhusu mji wako. Bainisha vitenzi vyote ambavyo mkazi ndiye mtenda, kisha vile ambavyo yeye ni mtendwa. Matokeo yanadokeza nini?

2. Jadili tofauti za kimaana kati ya kufufua, kukarabati na kuhuisha zinapotumiwa kwa mji.

3. "Baraza ni mahali pa watu wote." Ijadili kauli hii kwa kurejelea wanawake, wapangaji na vijana.