Simu ya mwanakisomo: maswali ya wawezeshaji na majibu

Wawezeshaji wengi wa elimu ya watu wazima wanafanya kazi peke yao. Darasa linakutana jioni kwenye chumba cha shule ya msingi au barazani kwa mtu, vitabu ni vya zamani, na posho, kama ipo, inachelewa. Papo hapo, karibu kila darasa lina wanakisomo wanaoingia na simu mfukoni au wameifunga kwenye pindo la khanga. Maswali yanayofuata ndiyo ninayoulizwa zaidi kuhusu namna ya kuitumia simu hiyo kufundishia.

Nimpe programu gani mtu mzima asiyejua kusoma kabisa, ili ajifunze mwenyewe nyumbani?

Kwa kujifunza peke yake, usimpe yoyote kwa sasa. Programu nzuri za kufundisha kusoma kwa Kiswahili zipo, lakini walengwa wake ni watoto. Zinazojulikana zaidi zilitokana na shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyiwa majaribio vijijini mkoani Tanga. Watoto walipewa vishikwambi wakajifunza bila mwalimu, na mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Kazi za timu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi ili yeyote aweze kuzitumia na kuziendeleza.

Mzee wa miaka hamsini ukimwekea vikaragosi vinavyompigia makofi kila anapotambua herufi, ataona umemdharau, na atakuwa na haki. Natamani sana kuona vijana wetu wa kompyuta wakiichukua kazi hiyo iliyo wazi na kuivisha mambo ya watu wazima: soko, shamba, zahanati, daftari la kikoba. Hadi siku hiyo, anza na maandishi ambayo tayari yamo kwenye simu yake.

Maandishi gani? Wanakisomo wangu wengi wana vitochi tu.

Kitochi kinatosha, na ushahidi upo. Nchini Niger watafiti Jenny Aker, Christopher Ksoll na Travis Lybbert walifuatilia mradi wa kisomo ulioitwa ABC katika vijiji 113. Watu wazima walifundishwa kusoma na hesabu kwa lugha zao, na katika baadhi ya vijiji wakafundishwa pia kutumia simu za kawaida kabisa: kutambua tarakimu, kuandika ujumbe mfupi, kusoma uliotumwa. Wale wa simu walipata alama za juu zaidi, na miezi saba baada ya madarasa kufungwa bado walikuwa mbele katika hesabu. Hawakuwa na programu maalumu. Mimi naona siri ni kwamba darasa likiisha, walibaki na kitu cha kusoma.

Kwetu kitu hicho kinagusa pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na watu wengi wasiojua kusoma wamejifunza kuitumia kwa kukariri mahali: bonyeza moja, halafu hapa, halafu pale. Menyu ikipangwa upya wanapotea, na hapo ndipo mtu anapomkabidhi wakala au mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Mwanakisomo wa namna hii hahitaji kuhamasishwa ajue faida ya kusoma. Anaijua kuliko wewe.

Somo la kwanza ninalolipendekeza linatokana na ujumbe wa matapeli ambao kila Mtanzania ameupokea: ILE HELA TUMA KWENYE NAMBA HII. Andika TUMA ubaoni. Wakishalitambua neno zima, ligawe: TU, MA. Chini ya TU andika ta, te, ti, to, tu; chini ya MA andika ma, me, mi, mo, mu. Waache watafute maneno mapya humo humo: moto, mate, tamu, tatu, mama. Kelele zitakuwepo, na usizizuie. Siku ya pili lete HELA, ya tatu NAMBA, ambayo itakupa nafasi ya kuonyesha m na b zinavyosomwa pamoja. Wakiweza kusoma ujumbe wote, jadilini: nani ameandika? Kwa nini hakutaja jina? Mtu akishausoma ujumbe huo mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, si rahisi atume tena hela kwa kubahatisha.

Hiki ndicho kisomo chenye manufaa. Mradi wa UNESCO uliokuwa na makao Mwanza kuanzia mwaka 1968 ulifundisha kusoma kupitia kilimo cha pamba na migomba. Leo wakulima wale wale wanalipwa kwa simu, kwa hiyo simu nayo iingie kwenye somo.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: usimwombe mwanakisomo namba yake ya siri, hata kwa mfano, wala usifundishe kutuma fedha kwa akaunti yake halisi. Chora menyu kwenye karatasi.

Tuna kundi la WhatsApp la darasa, lakini limejaa salamu za asubuhi na picha za maua. Tulifunge?

Hapana, lipangeni upya. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikutana kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Redio peke yake isingewafikisha huko. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, saa maalumu, kijitabu, na kazi ya kufanya baada ya kipindi. Kundi lako limepata chombo cha mawasiliano likakosa hivyo vingine vinne.

Kwa hiyo weka saa. Kama msimamizi, unaweza kulifunga kundi na kulifungua saa ya somo tu. Anza na shikamoo kama ungefanya darasani, maana wengi wao ni wakubwa zako. Rekodi sentensi moja kwa sauti, polepole, kisha tuma sentensi hiyo hiyo kwa maandishi, nao wasikilize huku wakifuata kwa kidole. Kazi yao ni kujibu kwa maneno mawili au matatu ya kuandika. Hapa uwe mkali kidogo: majibu ya sauti yasikubaliwe. Mtu aliyezoea kusikiliza na kujibu kwa sauti anaweza kukaa kundini mwaka mzima asisome neno hata moja.

Video ziache, zinamaliza bando. Na mwandiko wa mtu usiurushe kundini ukiwa na masahihisho yako, msahihishe pembeni. Mtu mzima aliyeaibishwa mbele ya mkwewe hatakuambia amekasirika. Ataacha tu kuja.

Wakishajua silabi, wasome nini? Hatuna vitabu.

Kwanza muulize kila mmoja alikuja kusoma nini. Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwingine anataka kadi ya kliniki, mwingine hati ya kiwanja, mwingine meseji za mwanawe aliyeko mjini bila kumpa mtu mwingine amsomee. Maandishi hayo yatangulie.

Kwa hadithi fupi, ingia kwenye tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, au StoryWeaver ya shirika la Pratham Books la India. Zote zina hadithi za Kiswahili, ni bure, na unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na hata kuzibadilisha. Nyingi ni za watoto, lakini bibi anaweza kusoma kisa cha sungura bila kujisikia vibaya ikiwa unampa kazi ya kumsomea mjukuu wake usiku huo. Hapo yeye ndiye mwalimu.

Lakini kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni kile ambacho darasa lenyewe limekitunga. Tangu mwaka 2017 kibodi ya Google inaweza kuandika Kiswahili unachokisema. Mwombe mama asimulie alivyoanza biashara ya mihogo, sentensi tano tu, simu ikisikiliza. Maneno yanatokea kwenye kioo huku anayaona. Simu itakosea, hasa majina ya mahali na lafudhi za kwetu. Rekebisheni pamoja, na kule kurekebisha nako ni somo. Chapa steshenari kwa herufi kubwa, nakala moja kwa kila mtu. Atausoma ukurasa ule kwa wepesi kuliko wowote mwingine, kwa sababu anajua neno gani linafuata, na wenzake wataudai kwa sababu wanamjua mwenyewe.

Simu inageuza maneno yao kuwa ya Kiingereza.

Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili kama lugha, kisha zima masahihisho ya moja kwa moja. Dakika mbili tu. Lifanye kwa kila simu mpya inayoingia darasani, kabla mwenye simu hajaamini kwamba kosa ni lake.

Nina wanakisomo wanaotambua silabi ubaoni lakini kwenye kitabu wanashindwa. Miezi inapita.

Kabla hujalaumu njia ya kufundishia au kichwa cha mtu, pima macho. Baada ya miaka arobaini macho ya wengi wetu huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Ubao uko mbali, kitabu kiko mkononi, na darasa ni la jioni lenye taa hafifu. Mpe simu, ukuze herufi hadi neno moja lijaze kioo, uone. Akisoma hapo, jibu umelipata: anahitaji miwani ya kusomea. Nimeona watu waliokwisha kuitwa wazito wakisoma aya nzima siku waliyoazima miwani ya jirani. Kila darasa la kisomo lingekuwa na jozi chache za miwani, tungeokoa wengi wanaoondoka kimya kimya.

Je, nitumie akili unde kuandaa masomo?

Kwa rasimu, sawa. Iambie ikuandikie aya fupi kuhusu mbolea ya samadi kwa maneno mepesi, kisha uisome kwa sauti kabla ya kuipeleka darasani. Kiswahili chake mara nyingine hakina ladha ya mtu yeyote, na mambo ya afya au sheria hakikisha kwa mhudumu wa afya au mtendaji wa kata.

Shangazi yangu alitoka Kivu, sasa yuko Marekani. Hajawahi kusoma lugha yoyote, na anatakiwa ajifunze Kiingereza. Aanzie wapi?

Aanze kusoma Kiswahili, hata kama ni kwa wiki chache. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Akishaelewa kwamba alama fulani ni sauti fulani, hatahitaji kujifunza jambo hilo upya kwenye Kiingereza, ambako herufi zinabadilika sauti kila mara. Wewe unaweza kumfundisha kwa simu ya video robo saa kila siku, mkiwa na ukurasa mmoja kila upande. Akishakuwa na msingi, kuna USA Learns, tovuti ya bure ya Kiingereza kwa watu wazima, na madarasa ya maktaba za mtaa wake. Akianzia huko moja kwa moja atapambana na mambo matatu kwa wakati mmoja: kusoma, lugha ngeni na kompyuta.

Na mimi mwezeshaji, nani ananisaidia?

Hili lingeulizwa la kwanza. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 wasiojua walikuwa chini ya 10. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa kawaida waliofundisha jioni, na walitembelewa, wakaulizwa habari, wakapewa vitabu. Usimamizi ule ulipopungua, madarasa mengi yalififia.

Aker na Ksoll walirudi Niger na utafiti mwingine. Safari hii walimu, baadhi ya wanafunzi na wakuu wa vijiji walipigiwa simu kila wiki kuulizwa kama darasa lilifanyika na linaendeleaje. Hakuna kifaa kilichoongezwa zaidi ya simu hizo, na alama za wanafunzi zilipanda. Mtu anayejua kwamba kuna atakayemuuliza hafundishi kama mtu aliyesahaulika.

Hilo mnaweza kulifanya bila kusubiri mradi. Tafuta mwezeshaji mmoja wa kata nyingine mpigiane siku ile ile kila wiki: wangapi walikuja, nani hakuja na kwa nini, neno gani limewashinda, wiki ijayo unafundisha nini. Aliyekosekana mara mbili apigiwe simu na mmoja wenu kabla ya kipindi cha tatu. Ukiwa Tanzania, namba za wawezeshaji wenzako ziombe kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri yako, na kwa mafunzo uliza ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wenzetu wa Kenya, wanaoyaita madarasa haya ngumbaru, waulize kwa afisa wa elimu ya watu wazima wa eneo lao. Nenda na orodha ya mahudhurio mkononi. Ombi la vitabu husikilizwa haraka zaidi likiwa na majina.